Chase au Sewell: Bengals walikosea 2021?

Mtoto wa Tanga, Cincinnati
Habari za jioni wanajamvi. Jana usiku nimerudia tena dakika ya mwisho ya Super Bowl, fainali ya ligi ya mpira wa Kimarekani (NFL), ya Februari 2022, Rams 23, Bengals wetu wa Cincinnati 20. Jaribio la nne, yaani la mwisho, imebaki yadi moja tu, muda haufiki dakika. Joe Burrow, kwotabaki wetu, yaani mrusha pasi, anapokea mpira, anainua macho, na Aaron Donald wa Rams ameshapenya ukuta na kumkamata. Burrow anazungushwa, anautupa mpira huku anaanguka, mpira unagusa nyasi, kwisha habari. Sasa simamisha video hapo hapo uangalie mbele uwanjani. Ja'Marr Chase amemwacha beki wake, anakimbia peke yake. Sekunde moja zaidi na leo tungekuwa na kombe.

Swali langu ni hili. Kwenye drafti ya 2021, pale timu zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu, tulikuwa na chaguo la tano. Tukamchukua Chase, mpokeaji, tukamwacha Penei Sewell, mlinzi wa ukuta wa mbele unaomkinga kwotabaki, akaenda Detroit chaguo la saba. Msimu huo Burrow akaangushwa na mpira mkononi mara 51, na kwenye mtoano mara 19 nyingine. Jumla 70. Tulikosea au hatukukosea? Nataka hoja, matusi hapana.

Simba wa Houston
Hamkukosea. Chase mwaka wake wa kwanza tu yadi 1,455 na tachidauni 13, yaani mara 13 kaufikisha mpira mwisho wa uwanja, tuzo ya chipukizi bora wa mashambulizi akabeba. Kabla ya hapo Bengals hamjashinda mechi ya mtoano tangu Januari 1991. Mtu anakutoa kwenye ukame wa miaka 31 halafu mnamlilia mlinzi? Detroit na Sewell wao mwaka huo huo walishinda mechi tatu. Mpira ni pointi. Wale wanene watano kazi yao ni kusukumana tu, mtu yeyote mwenye kilo 140 utamsimamisha pale.

Mwalimu Columbus
Simba, tuhesabu taratibu. Timu ina watu 11. Ondoa watano wa ukuta na kwotabaki, wanabaki watano wa kwenda kupokea. Ukuta ukiwa imara, wapinzani wanne wakija hawafiki, kwa hiyo wanalazimika kutuma wa tano na wa sita, na huko nyuma wanaacha mashimo. Ukuta ukiwa dhaifu, wale wanne peke yao wanatosha, saba wanabaki kuwakaba watano. Kocha akiona kwotabaki wake anauawa, anarudisha wawili kusaidia ukuta. Sasa una wapokeaji watatu dhidi ya mabeki saba. Chase hata awe na mabawa, anapita wapi?

Na hasara haiishii kwenye kuangushwa. Mipira mirefu inahitaji muda, ukuta haukupi muda, basi unabaki na pasi za yadi tano. Wapinzani wakishajua hivyo wanasogea mbele, na hapo hata mkimbiaji wako hana njia. Kitabu kizima cha mbinu kinabaki kurasa mbili. Kibaya kuliko vyote, kwotabaki akishapigwa sana anaanza kuangalia wanaomjia badala ya kuangalia wapokeaji. Macho yakishashuka, mchezo umekwisha.

Mama wa 72
Mimi huwa nasoma tu hapa, siandiki. Leo nimeumia. "Wale wanene watano kazi yao kusukumana." Mwanangu ni mmoja wa hao wanene. Anacheza sekondari hapa Ohio, mwaka wa tatu sasa. Kaka Simba, umewahi kumwona mmoja wao akiwa nyumbani Jumamosi asubuhi? Mimi ndiye ninayemwekea maji ya moto na chumvi aloweke mikono, kwa sababu vidole viwili vya mkono wa kushoto havikunji mpaka mchana. Chai anashika kikombe kwa viganja, kama mtoto mdogo.

Simba wa Houston
Dada yangu, mimi sikumtaja mwanao. Naongelea mchezo wa watu wazima wanaolipwa mamilioni. Tusilete familia humu, mtu atashindwa kusema lolote.

Njoro, Minneapolis
Wewe wa Houston ndiye hufai kabisa kusema maneno haya. Texans, timu yenu, walipoanza 2002 walimchagua kwotabaki David Carr namba moja, wakamweka nyuma ya ukuta wa makuti. Aliangushwa mara 76 msimu mmoja, rekodi ya ligi mpaka leo. Kijana alikuwa na mkono mzuri sana. Mlimmaliza kabla hajaanza, halafu leo unasema mtu yeyote wa kilo 140.

Simba wa Houston
Mimi nimefika Houston 2009, Carr alishaondoka kitambo. Usinibebeshe dhambi ambazo sikuwepo. Na mbona unaongelea Houston? Swali ni Cincinnati.

Mkurya, Dallas
Mnawabebesha walinzi lawama zote. Kuangushwa mara nyingine ni kosa la kwotabaki mwenyewe. Burrow ana tabia ya kushikilia mpira akitafuta pasi kubwa. Na mbona kwenye mtoano ule ule Titans walimwangusha mara nane na bado akashinda? Ukuta mbovu haukumzuia kufika fainali.

Mtoto wa Tanga, Cincinnati
Mara tisa, Mkurya, siyo nane. Januari 2022, 19 kwa 16, na tulishinda kwa mguu wa mpigaji pigo la mwisho. Tachidauni tulipata moja tu siku ile. Unaita huo ushahidi kwamba ukuta hauna maana? Halafu usisahau goti. Novemba 2020, dhidi ya Washington, anatoa pasi, watu wawili wanamwangukia, goti la kushoto linakwenda. Alikuwa hajamaliza hata msimu wa kwanza. Mimi nilikuwa kazini ghala la usiku wiki hiyo, watu walikuwa wanapakia maboksi kimya kama msibani.

Dada Zaina, Philadelphia
Nawapa mfano ambao hauna kwotabaki ndani yake, ili Mkurya asipate pa kukimbilia. Saquon Barkley, mkimbiaji na mpira. Mwaka 2023 yuko Giants, anakimbia yadi 962, wastani haufiki yadi nne kwa kila mbio. Watu wakasema magoti yameshachoka. 2024 anakuja kwetu Eagles, mtu yule yule, miguu ile ile, ameongezeka mwaka mmoja, anakimbia yadi 2,005. Mbele yake yuko Jordan Mailata, Mwaustralia aliyetoka kwenye raga, tulimchukua raundi ya saba 2018 hajawahi kucheza hata mechi moja ya mchezo huu. Giants ule mwaka wa 2023 makwotabaki wao waliangushwa mara 85. Kwa hiyo niambieni, ni Saquon aliyebadilika?

Njoro, Minneapolis
Zaina umemaliza. Na Mahomes, kwotabaki wa Chiefs wa Kansas City, je? Februari 2021 anaingia fainali na Buccaneers bila walinzi wake wote wawili wa pembeni, Fisher na Schwartz, wote majeruhi. Bora wa dunia nzima, alikimbizwa uwanja mzima, 31 kwa 9, hakupata tachidauni hata moja. Chiefs walichofanya baada ya hapo ni kujenga ukuta mpya, na Februari 2023 wakachukua kombe bila Mahomes kuangushwa hata mara moja kwenye fainali.

Mkurya, Dallas
Sawa, lakini kuna kitu kingine. Mama wa 72, samahani kukuuliza. Hawa watoto wanaambiwa wanenepe. Mpwa wangu ana miaka 16, kocha anamwambia afikishe kilo 120. Hiyo ni afya gani? Mchezo ukiisha, uzito unabaki naye.

Mama wa 72
Hilo ndilo linaloninyima usingizi, kaka. Kocha wake wa kwanza alimwambia ale mara sita kwa siku, na saa nne usiku anywe maziwa na siagi ya karanga. Mimi nikakataa. Nikamwambia mwanangu utakula ugali wako, maharage, samaki, mboga, sahani mbili ukitaka, lakini usiku utalala. Kocha akamweka benchi wiki tatu. Nilikwenda kuongea naye nikiwa na kanga begani na karatasi ya daktari mkononi. Aliyemfuata ni mtu mwingine kabisa, huyu anaangalia miguu, haangalii mizani.

Ndiyo maana neno "kusukumana" limenichoma. Nimekaa pembeni ya uwanja miaka mitatu, sasa najua ninachokiona. Anaanza na kiganja kimoja kwenye nyasi. Mpira ukitoka, hatua ya kwanza ni ya kurudi nyuma, fupi, na yule anayemjia ni mwepesi kuliko yeye na anajua anakokwenda. Mwanangu hajui, inabidi asome kiuno chake. Mikono inapanda kifuani, viganja kwa ndani. Vikitoka nje ya mabega, mwamuzi anarusha kitambaa cha njano, ni faulo, yadi 10 nyuma. Akitikisika kabla ya mpira kutoka, yadi tano. Mwaka jana jina lake lilitajwa kwenye kipaza sauti mara mbili tu, na zote mbili ni faulo. Kwotabaki wake ametajwa kila Ijumaa.

Mwalimu Columbus
Hapo umesema jambo zito, dada. Sewell mwenyewe, wengi walianza kumtaja Detroit ilipofika fainali ya kanda Januari 2024. Miaka miwili ya mwanzo alikuwa anafanya kazi ile ile, wachache walimwona.

Simba wa Houston
Basi nami niseme. Kama mwanao ni mzuri hivyo, anacheza upande gani? Kila mtu anajua mlinzi bora huwekwa kushoto, kwa sababu kwotabaki anayerusha kwa mkono wa kulia hauoni upande huo.

Mtoto wa Tanga, Cincinnati
Simba, sasa unamhoji mama wa watu kama polisi. Na Sewell Detroit walimweka kulia, kwa taarifa yako. Jamani, swali la Chase bado liko pale juu. Mimi mwenyewe nimeanza kubadilika. Nadhani kumchukua Chase halikuwa kosa. Kosa ni kwamba baada ya kumchukua hatukujenga ukuta mpaka 2022, tulipowaleta walinzi Karras, Cappa na Collins. Na hata hapo, tulipofika Kansas City kwa Chiefs Januari 2023 watatu wa ukuta walikuwa majeruhi, Burrow akaangushwa mara tano, tukafungwa 23 kwa 20. Matokeo yale yale ya fainali, namba kwa namba. Nani ana jibu?

Mama wa 72
Anacheza kulia, kaka Simba. Kwotabaki wao anarusha kwa mkono wa kushoto. Kwa hiyo kulia ndiko mgongo wake uliko.

Simba wa Houston
Hapo umenikamata. Neno "wanene" nalirudisha, dada, unisamehe. La Chase silirudishi, yule ningemchagua hata kesho asubuhi.

Dada Zaina, Philadelphia
Mama, huyo kwotabaki wa mkono wa kushoto ameangushwa mara ngapi msimu huu?

Mama wa 72
Upande wa mwanangu, mara mbili. Ya pili ilikuwa Ijumaa iliyopita. Aliteleza, kulikuwa na mvua. Mpaka leo Jumanne hajataka kuangalia video.

Mwalimu Columbus
Mechi ijayo ni hapa Columbus au huko kwenu?

Mama wa 72
Huku kwetu, Ijumaa saa moja usiku. Ukija, njoo na koti zito, na ukae upande wa kulia.