Hamira isiyoongezewa zinki inakua sawa na iliyoongezewa: tatizo liko wapi?

Mwanafunzi_Tabora
Habari zenu wakuu. Nafanya mradi wa mwaka wa mwisho hapa Tabora kuhusu jinsi hamira ya mkate inavyofyonza zinki. Naikuza katika mchuzi wa peptoni (protini iliyovunjwavunjwa), dondoo ya hamira na glukosi, nikiongeza zinki salfeti kwa viwango tofauti, na chupa moja naiacha bila kuongeza. Ukuaji naupima kwa spektrofotomita, yaani kipimo cha mwanga unaozuiwa na mchuzi, katika urefu wa wimbi wa nanomita 600, na zinki inapimwa Dar es Salaam kwa mashine ya ufyonzaji wa atomi. Chupa isiyoongezewa inakua sawasawa na nyingine, ilhali zilizoongezewa zinaonyesha zinki nyingi kupita kiasi kwenye seli. Aidha, usomaji ukifika karibu na 1.5 unasimama, ingawa kwenye hadubini seli bado zinachipuza. Naombeni ushauri kabla sijatuma sampuli nyingine, maana kila moja inalipiwa.

FundiSanifu
Ndugu, hilo la mwisho ni jepesi. Seli zikisongamana, mwanga uliotawanywa na seli moja hurudishwa na nyingine hadi kwenye kipokezi, kwa hiyo mashine husoma pungufu. Zimua sampuli kwa mchuzi uleule hadi usomaji uwe chini ya 0.4, kisha zidisha kwa kiasi ulichozimua. Hesabu pia seli kwa hadubini mara chache, ukitumia methilini ya bluu, rangi inayobaki kwenye seli zilizokufa, kwa kuwa spektrofotomita haitofautishi seli hai na iliyokufa, na zinki ikizidi sana baadhi zitakufa.

Mkemia_Kigoma
Mchuzi wako wenyewe una zinki ya kutosha, kwa sababu dondoo ya hamira imetokana na seli zilizokuwa nayo. Zaidi ya hapo, hamira huweka akiba ya zinki kwenye vakuoli, yaani kifuko cha ndani ya seli, na seli zilizoshiba zinaweza kugawanyika vizazi kadhaa kwa akiba hiyo bila kuomba chochote nje. Tumia mchuzi wa kemikali zinazojulikana, usioongezewa zinki, na uzipitishe seli humo kwanza mpaka zione njaa. Zikiwa na njaa, protini iitwayo Zap1 huwasha jeni la ZRT1, ambalo hutengeneza mlango wenye uwezo wa kunasa zinki hata ikiwa kidogo sana. Zikishiba, mlango huo hupunguzwa. Usipoanza na njaa, unachopima ni akiba, si ufyonzaji.

Kuhusu zinki nyingi "kwenye seli": una uhakika imeingia? Ukuta wa seli una chaji hasi, nayo zinki hung'ang'ania nje. Osha seli mara kadhaa kwa myeyusho baridi wenye EDTA (kemikali inayonasa metali) kabla ya kuziyeyusha kwa asidi, na uwe na kundi la seli zilizowekwa na zinki kwenye barafu kwa muda uleule. Katika barafu usafirishaji karibu unasimama, hivyo kinachobaki hapo ni cha kutoa kwenye hesabu. Halafu gawa jibu kwa uzito mkavu, vinginevyo chupa yenye seli nyingi itaonekana kufyonza zaidi.

Mwanafunzi_Tabora
Ahsanteni sana. Vizibo vyangu ni vya mpira, na maji tunachuja ya mvua kutoka paa la bati. Je, vina madhara?

Mkemia_Kigoma
Vina madhara makubwa. Bati limepakwa zinki, na mpira hutengenezwa kwa oksidi ya zinki. Tumia maji yaliyokenekwa, vyombo vya plastiki vilivyolowekwa katika asidi ya naitriki ya asilimia 10 na kusuuzwa, na vizibo vya pamba visivyogusa mchuzi. Kagua pia mizani yako: miligramu 28.75 za zinki salfeti yenye maji saba katika lita moja ni mikromoli 100, yaani miligramu 6.5 tu za zinki. Na sampuli ya kwanza kulipia iwe ya mchuzi mtupu usio na seli hata moja. Ikirudi na zinki, hakuna haja ya kutuma zilizobaki.