Barua ya askari imelala ofisini miezi 7, na akiruka ngazi anashtakiwa yeye

Wanajukwaa, naandika nikiwa na hasira, ila nitajitahidi kuyapanga maneno.

Mume wangu ni konstebo wa Polisi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika mkoa mwingine, na mtoto wetu wa miaka 2 anamjua baba yake zaidi kwa sauti ya simu. Mwezi wa tatu aliandika barua ya kuomba uhamisho wa kumfuata mwenza. Kwa utaratibu wa Jeshi, askari wa cheo chake hawezi kumwandikia Inspekta Jenerali, Makao Makuu Dodoma, moja kwa moja. Chini ya anwani hupangwa "Kupitia": Mkuu wa Kituo, kisha Mkuu wa Polisi wa Wilaya, kisha Kamanda wa Polisi wa Mkoa, na kila mmoja huandika maoni yake, hugonga muhuri, ndipo barua ipande.

Ngazi sizipingi. Hata sisi walimu barua zetu huanzia kwa mwalimu mkuu kabla ya kufika kwa mkurugenzi, na ni haki mkuu wa kituo ajue kwamba atapungukiwa na mtu. Kinachonichoma ni kwamba utaratibu unambana mwandishi peke yake. Wilayani barua ilikaa wiki 11, kwa kuwa mkuu alikuwa likizo na aliyemkaimu hakutaka, kwa maneno yake, "kusaini mambo ya watu". Ilipofika mkoani ikarudishwa chini, masjala kwa masjala, kwa sababu wilaya ilikuwa imeandika neno moja tu, "Napitisha", bila kusema kama inapendekeza au haipendekezi. Neno moja! Simu ya dakika mbili ingelimaliza jambo hilo.

Akienda kuuliza anajibiwa kwamba jalada liko kwa mkubwa. Akithubutu kupeleka nakala Dodoma, ameruka ngazi, na kwa hilo anaweza kushtakiwa kijeshi. Lakini mkubwa aliyeikalia barua wiki 11 anashtakiwa kwa lipi? Na askari mwenye malalamiko dhidi ya mkuu wake mwenyewe, naye aanze kwa kumkabidhi mkuu huyo bahasha? Amri za kutoka juu, kwa upande wake, hazijui foleni: jioni ujumbe wa uhamisho umeingia, asubuhi askari anafunga godoro kwa kamba.

Naomba mlio ndani ya Jeshi, au mliostaafu, mnijibu: katika Kanuni za Kudumu, hizo mnazoziita PGO, kiongozi amewekewa siku ngapi za kukaa na barua ya aliye chini yake? Tumeuliza vituo viwili na hakuna aliyetuonyesha.

Nakala ya mume wangu ina mihuri miwili ya "IMEPOKELEWA", yote ya ofisi ile ile ya wilaya, na tangu huo wa pili ugongwe leo ni siku ya 40.