Kwa nini Mazda RX-8 hula oili?

Swali: Wakuu, RX-8 yangu ya mwaka 2004 haivuji hata tone, lakini kila nichomoapo kijiti cha kupimia oili naona kiwango kimeshuka. Je, injini imechoka?

Jibu: Si lazima, ndugu. Pampu maalumu huchota oili kidogo kidogo kutoka kwenye sampo (bakuli la oili chini ya injini) na kuiingiza katika chumba cha rota, yaani kipande cha pembetatu kinachozunguka badala ya pistoni, ili sili (vizibo vyembamba) za ncha zake tatu ziteleze ukutani bila kukwangua, kisha oili hiyo huungua pamoja na petroli. Ongeza oili mapema. Usisubiri taa iwake.

Jibu: Nakubaliana naye. Kasi ya injini ikipanda, pampu hutoa zaidi. Wengine, mimi nikiwemo, huchanganya pia oili ya tu-stroki (ile inayotengenezwa ichanganywe na petroli) kwenye tangi la petroli, kwa kuwa sili zikikauka ukuta huchubuka na mgandamizo hupotea.