Kikosi bora cha muda wote cha Montreal Canadiens: winga ya kushoto inanitesa

Kipimajoto

Wakuu, salaam. Swali hili ni la wanaofuatilia hoki ya barafu, hasa mlioko Kanada. Najua tuko wachache. Wengine subirini uzi wa Simba na Yanga, hauko mbali.

Niko Montreal, nafanya zamu ya usiku kwenye ghala la vyakula vya baridi. Mapumziko ya saa nane usiku mada huwa moja tu, Canadiens. Sasa yamezuka mashindano: kila mmoja aandike kikosi chake cha muda wote, tangu timu ianzishwe 1909, kisha asimame atetee jina moja baada ya jingine. Orodha zinaandikwa kwa maka peni kwenye vifuniko vya maboksi ya samaki na kubandikwa ukutani juu ya mashine ya kahawa. Kifuniko changu bado kitupu, kinanuka samaki tu. Mwamuzi ni msimamizi wetu, mzee wa Trois-Rivières, na masharti kayaweka yeye. Wachezaji 20 kama siku ya mechi: safu nne za washambuliaji watatu watatu, jozi tatu za mabeki, makipa wawili. Kila mtu acheze nafasi aliyoicheza kweli. Kinachohesabiwa ni alichofanya ndani ya jezi ya Canadiens, ya kwingine aende nayo kwingine. Na hakuna mtu kuwa mchezaji hapohapo kocha.

Kulia kumefurika. Maurice Richard, Rocket mwenyewe, wa kwanza kufunga mabao 50 katika msimu, tena ndani ya mechi 50 (1944–45). Guy Lafleur, misimu sita mfululizo hashuki chini ya mabao 50. Geoffrion, waliyembatiza Boom Boom kwa lile shuti la kunyanyua gongo hadi nyuma ya bega. Cournoyer, mbio tupu, makombe 10 ya Stanley, yale ya ubingwa wa ligi. Kati ya hao wanne simwoni wa kukaa nje.

Katikati vilevile: Béliveau, Morenz, Henri Richard, Lemaire, Lach. Kushoto ndiko ninakokwama. Moore, Joliat, Blake, Shutt, Gainey, wote wazuri, ila hayupo hata mmoja ambaye ukimtaja pale ghalani watu wananyamaza. Na huyu Toe Blake ana kesi yake. Alikuwa winga wa kushoto wa ile safu ya Lach na Rocket ambayo msimu wa 1944–45 ilishika nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu kwa pointi (mabao na pasi za mabao) katika ligi nzima. Baadaye akawa kocha, makombe manane ndani ya misimu 13, matano kati ya hayo mfululizo, 1956 hadi 1960. Nikimpa gongo, benchi linakwenda kwa Scotty Bowman, naye si wa kudharau: msimu wa 1976–77 timu yake ilifungwa mechi nane tu kati ya 80.

Makipa nimewaacha kwanza maana huko ni vita. Mnanishaurije?

Beki wa Ottawa

Ndugu yangu, hesabu yako umeianzia mahali pabaya. Unakusanya majina, halafu unatafuta pa kuyaweka. Safu ya hoki inakaa barafuni kama sekunde 40 hivi, inatoka, nyingine inaruka ukuta wa benchi inaingia. Kwa muda huo mfupi watatu hao lazima wajuane bila kutazamana. Tafuta waliokwisha kucheza pamoja, utaona kushoto kunajipanga kwenyewe.

Dickie Moore: mwisho wa miaka ya 1950 alikuwa na ndugu wawili wa akina Richard, Henri katikati, Maurice kulia. Safu ya kwanza hiyo, ishapatikana bila jasho. Na wewe unasema Moore hanyamazishi watu? Msimu wa 1957–58 alivunjika kifundo cha mkono, akafungwa plasta, akaendelea kucheza na plasta yake, na akamaliza akiwa mfungaji wa pointi nyingi kuliko wote katika ligi. Msimu uliofuata akapata pointi 96, akaivunja rekodi ya Gordie Howe. Mwambie mzee wako wa Trois-Rivières hilo la plasta, kisha mtazame usoni.

Steve Shutt: alikuwa na Lemaire na Lafleur. Alifunga mabao 60 msimu huohuo wa kufungwa mechi nane tu. Watu husema alikuwa anaokota makombo ya Lafleur. Sawa, lakini ujue makombo ya Lafleur yalikuwa yanadondoka kwa kasi gani, na mbele ya kipa mwenye hasira.

Aurèle Joliat: huyo alikuwa na Howie Morenz miaka ya 1920 na 1930. Kijitu chepesi, anacheza na kofia kichwani, na ole wake atakayeidondosha.

Bob Gainey: tuzo ya Selke ya mshambuliaji anayekaba vizuri zaidi ilipoanza 1978, aliichukua miaka minne ya kwanza yote. Ukiongoza bao moja zimebaki dakika mbili, unataka Lafleur barafuni au Gainey?

Hao ni wanne. Blake anabaki kocha, kesi imekwisha.

Mama Atwater

Kipimajoto mdogo wangu, Beki kasema vizuri, ila kwa Geoffrion nina neno. Mimi ni wa Bukavu, naishi karibu na jengo la Forum, ukumbi wa zamani wa Canadiens, ambalo siku hizi ni sinema na maduka. Jirani yangu wa ghorofa ya chini ni bibi Mkebeki aliyekuwa msichana mwaka 1955, na ukimtajia Campbell hadi leo anaweka kikombe mezani kwanza.

Kwa wasiojua: Machi 13, 1955, kule Boston, Rocket alipigana na Laycoe wa Boston, akamchapa ngumi mwamuzi wa mstari aliyekuwa anamshika. Rais wa ligi, Clarence Campbell, akamfungia mechi zote zilizobaki pamoja na mtoano wote. Machi 17 Campbell akaja mwenyewe Forum kukaa kutazama mechi na Detroit. Akarushiwa mayai na nyanya, likalipuka bomu la machozi, ukumbi ukafungwa, mechi wakapewa Detroit, na barabara ya Sainte-Catherine ikavunjwa vioo usiku kucha. Kesho yake Rocket akaingia redioni kuwatuliza watu. Wakati huo Wafaransa wa hapa ndio walikuwa wengi na Waingereza ndio mabosi, kwa hiyo bibi anasema hawakuwa wanapigania hoki tu.

Sasa Geoffrion. Rocket alikuwa anaongoza kwa pointi ligi nzima, kitu ambacho hakuwahi kukimaliza akiwa wa kwanza. Alipofungiwa, Geoffrion akampita kwa pointi moja, 75 kwa 74. Watu wake mwenyewe wakamzomea. Alifanyaje, aache kufunga? Miaka sita baadaye akawa wa pili katika historia kufikisha mabao 50. Kwa hiyo usimtupe safu ya nne kama kiraka. Mweke na Béliveau, walicheza pamoja miaka mingi. Na mpinzani akitolewa kwa adhabu, mrudishe Geoffrion nyuma kabisa pamoja na beki Doug Harvey, kama walivyofanya kweli. Béliveau, Rocket na Moore mbele. Zamani mtu akitolewa dakika mbili alizikaa zote hata timu yake ifungwe mangapi. Novemba 5, 1955, Béliveau aliwafunga Boston matatu ndani ya sekunde 44 wakiwa wamepungukiwa kwa adhabu. Mwaka 1956 ligi ikabadilisha sheria: likiingia bao, aliyetolewa anarudi. Tuambiane, ni timu gani nyingine ilibadilishiwa sheria kwa sababu inafunga sana?

Na Morenz alikuwa baba mkwe wa Geoffrion, ingawa hakuiona ndoa hiyo: alivunjika mguu Januari 1937 akafa Machi mwaka huohuo. Msiba wake ulifanyika palepale Forum. Namba 5 ya Geoffrion ilistaafishwa Machi 11, 2006, na Geoffrion mwenyewe alifariki siku hiyohiyo.

Kijana31

Shikamooni wazee. Nyie wote mnaongelea watu wa picha za rangi moja. Kipa ni Carey Price, mwisho wa maelezo. Ushindi mara 361, hakuna kipa wa Canadiens aliyemfikia. 2015 alichukua Vezina na Hart pamoja, kipa bora na mchezaji bora, nyuma ya mabeki gani? Mwambieni Plante acheze na mabeki wale.

Beki wa Ottawa

Marahaba kijana. Price nampenda, na mabeki wake unasema kweli. Ila timu hii ina makombe 24, na yeye hana hata moja. Mbele yake kuna foleni ndefu. Vézina ambaye jina lake ndilo la hiyo tuzo unayoitaja. Hainsworth, ambaye msimu wa 1928–29 alitoka bila kufungwa mechi 22 kati ya 44. Durnan aliyekuwa na glavu maalum za mikono yote miwili ili ahamishe gongo kulia au kushoto. Hao wote bado hatujafika kwa wanaogombea.

Kwangu ni Plante na Dryden. Plante ndiye aliyekuwa golini kwa yale makombe matano mfululizo. Novemba 1, 1959, New York, shuti la Andy Bathgate lilimpasua uso. Akaenda kushonwa, akamwambia Blake harudi bila barakoa. Blake hakuitaka barakoa hata kidogo, aliona inamfanya kipa alegee, lakini kipa wa akiba siku zile hakukuwa. Plante akarudi nayo, wakashinda, na tangu hapo makipa wakaanza kuonekana wana akili. Dryden naye aliitwa mwisho wa msimu wa 1971 akiwa na mechi sita tu za ligi, akawatoa Boston ya Bobby Orr, akachukua kombe na tuzo ya mchezaji bora wa mtoano kabla hajahesabiwa hata kuwa mchezaji mpya wa mwaka. Misimu minane, makombe sita, kapoteza mechi 57 za ligi katika maisha yake yote. Katikati aliacha mwaka mzima akaenda kufanya mafunzo ya uwakili kwa sababu mshahara haukumridhisha.

Mama Atwater

Beki, na Patrick Roy umemficha wapi? 1986 akiwa na miaka 20 alibeba kombe. 1993 mtoano mmoja, ushindi mara 10 mfululizo kwenye muda wa nyongeza. Kumi! Muda ambao bao moja linakupeleka nyumbani. Timu ile haikuwa na Lafleur wala Béliveau, ilikuwa na yeye. Dryden alikuwa na mabeki Robinson, Savard na Lapointe mbele yake, hata mimi ningesimama pale na ufagio.

Najua mtasema aliondoka vibaya. Desemba 2, 1995, Detroit walipomfunga tisa ndipo kocha akamtoa, naye akamwendea rais wa timu nyuma ya benchi akamwambia hii ni mechi yake ya mwisho hapa. Siku nne baadaye kauzwa Colorado. Lakini masharti ya mzee yanasema alichofanya ndani ya jezi, hayasemi namna alivyoivua.

Kipimajoto

Shukrani sana wakuu, na dada yangu Atwater nimekusikia. Kifuniko kimejaa. Nakiweka hapa kabla sijakibandika.

Moore, Henri Richard na Maurice. Shutt, Lemaire na Lafleur. Joliat na Morenz, na kulia kwao Cournoyer, maana hiyo ni safu ya mbio na hakuna atakayewakamata. Gainey na Béliveau, kulia Geoffrion: mmoja anakaba, mmoja anagawa, mmoja anapasua wavu. Lach anabaki nje, na kusema kweli inaniuma. Ila 1944–45 wanaume wengi wa ligi walikuwa vitani, hilo ndilo nitakalosema wakinibana. Wakiniuliza mbona Rocket simpunguzii kwa sababu hiyohiyo, nitawaambia aliendelea kufunga hao waliporudi, akamaliza na 544.

Makipa Plante na Roy. Plante anaanza. Roy nafikiri hataridhika na benchi, lakini muda wa nyongeza ukifika naingiza yeye, sijali mechi inakwendaje. Kocha Blake.

Mabeki. Harvey na Butch Bouchard, walicheza pamoja kweli, na Bouchard alikuwa akipiga kwa mkono wa kulia, hao wenzake wengi ni wa kushoto. (Alikuwa mfuga nyuki huyo, nahodha wa Canadiens mwenye mizinga. Nitaitaja tu kwa raha zangu.) Savard na Robinson. Msimu wa 1976–77 Robinson alimaliza na 120 juu ya sifuri, yaani akiwa barafuni, ukiacha mabao yanayofungwa kwa faida ya adhabu, walifunga 120 zaidi ya waliyofungwa.

Jozi ya tatu Lapointe na P.K. Subban. Naziona sura zenu. Chelios ana Norris, tuzo ya beki bora, ya 1989 na kombe la 1986, Subban ana Norris ya 2013 na kombe hana. Nimeyapima. Lakini nilipofika mji huu sikujua hata kisahani, yaani mpira wa hoki, kinaingia golini kutoka wapi, na kijana mweusi namba 76, wazazi wake wa visiwani Karibiani, ndiye aliyenifanya nikae mbele ya televisheni nijifunze. Kabla hawajamuuza Nashville alikuwa ameahidi kuchangisha dola milioni 10 kwa hospitali ya watoto hapa. Mzee alisema kila jina litetewe, hakusema litetewe kwa takwimu tu. Kijana31, Price nimekunyima, basi huyu mchukue.

Kijana31

Nimemchukua. Bouchard wa nyuki acheze na Subban basi, Harvey mpe Lapointe.

Kipimajoto

Wote wawili wa mkono wa kulia, nani atakaa kushoto? Bouchard habanduki kwa Harvey.