Tupeane uzoefu: mara ya kwanza ulipofungua programu huria, nani alikupokea?

Kurunzi

Wakuu, salaam.

Kuna neno aliniambia mama yangu mdogo majuzi, mpaka leo halijanitoka. Huyu ni mtu aliyefanya kazi ya kupiga chapa maisha yake yote, anamaliza ukurasa mzima bila kutazama vidole. Nilimsakinishia programu huria ya kuandikia hati (huria maana yake msimbo wake, yaani maandishi yanayoiunda, uko wazi kwa yeyote), nikamwonyesha pa kubofya, nikaondoka nikiamini kazi imekwisha. Baada ya mwezi nikamkuta anaandika barua kwa kalamu. Nikamuuliza kulikoni. Akasema, "Mwanangu, haya mambo siyawezi tena. Akili imechoka."

Nikakaa naye tufuatilie kilichotokea. Kumbe aliandika barua yake vizuri, akaihifadhi, akaituma. Aliyeipokea akamjibu kuwa faili halifunguki. Akaituma tena, jibu likawa lile lile. Programu ilikuwa imehifadhi kwa umbizo (aina ya faili) lake la asili, ODT, na kule barua ilikokwenda hakukuwa na cha kulifungulia. Kubadilisha mpangilio huo kulinichukua dakika mbili. Dakika mbili tu, na mama wa watu alikuwa ameshajitangazia uzee.

Hapo ndipo ninapotaka tuzungumze. Programu ikimkwamisha mgeni, mgeni hasemi programu ina kasoro. Anasema kasoro ni yake, anafunga kimyakimya, na sisi tunaozipenda programu hizi hatupati hata habari kwamba alipita. Naomba kila mmoja aeleze: wewe ulikwamia wapi siku ya kwanza, na kama ulibaki, kilichokubakiza ni nini? Watengenezaji mliomo humu, tuambieni mlibadilisha nini baada ya kumwona mgeni akihangaika. Suala la Linux, ule mfumo huria wa kuendeshea kompyuta wenye matoleo mengi, ipi ni bora kuliko ipi tuliache, lina mahali pake.

Rangi Mbili

Mkuu Kurunzi, umenigusa. Mimi nilikuwa na picha ya kusafisha kwa ajili ya tangazo, nikapakua programu huria ya kuhariri picha. Kazi yenyewe ilikwenda vizuri kuliko nilivyotarajia. Nikabofya "Hifadhi", nikaenda kuipakia kwenye tovuti, tovuti ikaikataa. Nikahifadhi upya kwa jina jingine. Ikakataliwa. Nilishinda saa tatu nikidhani nimeiharibu picha, hadi usiku nikagundua kuna amri nyingine kabisa kwenye menyu, "Hamisha", na hiyo ndiyo inayotoa JPEG au PNG, aina za picha ambazo tovuti huzikubali.

Nilibaki kwa sababu picha ilikuwa ya mteja na sikuwa na pa kukimbilia. Ningekuwa najifurahisha tu, ningeifuta siku ile ile.

Nyundo

Dada Rangi Mbili, pole sana. Mimi ni mtengenezaji, si wa programu hiyo, lakini sababu ya mpango huo naijua na ni sababu ya maana. Faili la asili hubeba tabaka zote za picha, kila moja peke yake, ili kesho ukitaka kuondoa maandishi uyaondoe bila kugusa kilicho chini yake. JPEG hubana kila kitu kiwe tabaka moja na kutupa sehemu ya ubora. Kukulazimisha useme wazi kwamba unahamisha ni kuilinda kazi yako.

Tatizo ni kwamba maelezo haya yamo vichwani mwetu na kwenye mwongozo ambao hukuwa na sababu ya kuufungua. Yangekufaa pale pale ulipobofya "Hifadhi", sentensi moja tu: hapa unahifadhi kazi ili uiendeleze, ukitaka picha ya kutuma bofya hapa. Sisi huwa tunadhani tukishakuwa na sababu nzuri tumemaliza.

Mwalimu wa Jioni

Nafundisha wanaoanza michoro ya 3D kwa Blender, kwa hiyo nimeona wageni wengi wakiingia mlango mmoja. Walioanza zamani watakumbuka: zamani ukitaka kuchagua kitu ulibofya kitufe cha kulia cha kipanya. Programu nyingine karibu zote duniani hutumia cha kushoto. Somo langu la kwanza lote lilikuwa kuomba vidole vya watu visahau walichozoea. Mwanafunzi anabofya kushoto, alama ndogo inahamia sehemu nyingine, anaangalia mkono wake kana kwamba mkono ndio uliokosea. Haya ndiyo anayoyasema Kurunzi, nimeyaona kwa macho.

Julai 2019 likaja toleo la 2.80, kushoto kukawa ndiko kwa kuchagulia. Na ukilifungua mara ya kwanza kabisa, kabla ya kitu kingine, linakuuliza machache: mwonekano, unataka kuchagulia kushoto au kulia. Waliozoea kulia hawakunyang'anywa chochote, wanabofya tu chaguo lao. Wengi hupita hapa bila kutafakari, lakini mimi naliona ni jambo kubwa. Blender ikawa programu huria mwaka 2002 baada ya watu kuchanga euro 100,000 ndani ya wiki saba ili msimbo wake ufunguliwe. Wiki saba zilitosha kuukomboa msimbo. Kufanya kitufe cha kushoto kiwe mpangilio wa msingi kulichukua miaka 17 zaidi.

Somo langu la kwanza siku hizi ni kuchora. Watu wanaondoka na kikombe walichokitengeneza wenyewe.

Ufunguo

Mimi ni wa waifai. Nadhani tupo wengi.

Nilisakinisha Linux kwenye kompyuta yangu ya pekee, nikaiwasha, kila kitu kizuri, mtandao hakuna. Fikiria hali hiyo: jibu la tatizo langu liko intaneti, na tatizo langu ni kwamba sina intaneti. Nikaazima simu, nikauliza swali mahali wanapokutana wajuzi. Jibu la kwanza: "Soma mwongozo." La pili lilinipa amri ndefu ya kunakili kwenye terminali, lile dirisha la kuandikia amri, bila hata neno moja la kueleza inafanya nini. Sikuithubutu. Nilikuwa nimeshasikia kwamba terminali inaweza kufuta diski nzima.

Wa tatu aliandika hivi, na bado ninayo: "Karibu. Hujakosea kitu, hili huwapata wengi. Tuanze kwa kujua kadi yako ya waifai. Andika lspci kwenye terminali. Amri hiyo haibadilishi chochote, inaorodhesha tu vifaa vilivyomo ndani ya kompyuta. Niletee itakachokuonyesha." Maneno yale, "hujakosea kitu", ndiyo yaliyonibakiza. Kadi ilihitaji programu ndogo ya ndani ya kuiendesha, isiyo huria, ndiyo maana haikuwekwa kwenye diski ya usakinishaji. Tukaileta kwa flashi, mtandao ukashika.

Nimeyafikiria sana haya baadaye, maana nyuma yake kuna mvutano wa kweli. Wanaokataa kuweka vitu visivyo huria kwenye diski rasmi wana msimamo ninaouheshimu. Lakini mgeni asiye na mtandao hawezi hata kuusoma huo msimamo. Debian, watengenezaji wa toleo mojawapo la Linux, waliona ni jambo la kupigia kura, wakapiga mwaka 2022, na kuanzia toleo la 12, Juni 2023, diski yao rasmi ya kusakinishia inakuja na programu hizo ndogo, na mtumiaji anaambiwa zipo. Kwa maoni yangu walifanya sawa. Mtu aingie kwanza, habari za uhuru azisikie akiwa ameketi.

Leo najibu maswali ya wageni kila nipatapo nafasi, na sharti langu ni moja: simpi mtu amri bila kumwambia inafanya nini.

Kimyakimya

Mimi sikubaki. Ulikuwa mtandao wa kijamii wa programu huria. Kabla sijafungua akaunti niliambiwa nichague seva, na orodha ilikuwa ndefu. Sikujua seva ni nini, wala kama nikichagua vibaya nitaweza kurudi nyuma. Nikafunga. Hakuna aliyejua nilikuja.

Mwalimu wa Jioni

Kimyakimya, asante kwa kusema. Hofu hiyo si yako peke yako. Mastodon, mtandao wa aina hiyo, Mei 2023, programu zao za simu zilianza kumpa mgeni seva moja iliyo tayari (seva ni kompyuta inayotunza akaunti yako), na anayetaka kuchagua mwenyewe anabofya pembeni. Na seva unaweza kuhama baadaye ukaondoka na wafuasi wako. Jambo hilo la kuhama ndilo mgeni angeambiwa kwanza, mimi naona.

Msumari

Natunza mradi mdogo wa programu huria, siutaji. Kwa miaka niliamini maelekezo yangu ya kusakinisha yako wazi, maana hakuna aliyelalamika. Siku moja rafiki aliomba nimwonyeshe, nikamwambia afuate maandishi, mimi nitakaa nyuma yake kimya. Kukaa kimya kulikuwa kugumu mno. Mstari wa kwanza wa maelekezo ulisema ajenge mradi, yaani ageuze msimbo uwe programu inayofanya kazi, yeye akauliza, "Nijenge wapi?" Mstari wa tatu ulidai maktaba (msimbo wa wengine ambao programu yangu huutegemea) ambayo mimi niliisakinisha miaka iliyopita nikasahau kwamba ipo. Kufika mstari wa tano alikuwa anaomba msamaha. Ananiomba mimi msamaha, kwa maelekezo niliyoyaandika mimi!

Nilijifunza mambo mawili. Kwanza, mwandishi wa maelekezo huandika akiwa kwenye kompyuta ambayo kila kitu kimo tayari. Sasa kabla ya kila toleo naanzisha kompyuta pepe tupu, yaani kompyuta ya kuigiza ndani ya yangu, na kufuata maandishi yangu neno kwa neno, na kila mara nakuta pengo. Pili, programu zetu nyingi hazikusanyi taarifa za watumiaji, na ni sawa kabisa, ni heshima kwao. Lakini maana yake ni kwamba ripoti za hitilafu huletwa na waliobaki. Kina Kimyakimya hatuwasikii. Kwa hiyo hakuna njia ila kukaa nyuma ya mtu na kutazama.

Kilichobadilika zaidi kwangu ni ujumbe wa makosa. Mfano mzuri ni Python, lugha ya kuandikia programu. Zamani ukisahau kufunga mabano ilikuonyesha kosa kwenye mstari unaofuata, ambao hauna kosa lolote, na anayeanza anautazama mstari ule safi hadi macho yanauma. Kuanzia toleo la 3.10, Oktoba 2021, inakuonyesha bano lenyewe na kusema halijafungwa. Nimezipitia jumbe zangu zote kwa jicho hilo. Iliyokuwa ikisema "ingizo batili" sasa inataja safu gani, ilitarajia nini, ikakuta nini.

Daftari

Naomba nitofautiane kidogo, kwa nia njema. Karibu ikizidi nayo inachosha. Nimefungua programu ikaniletea slaidi kumi na kitu za kujisifu, kila moja na kitufe cha "Endelea", nami nina kazi ya kuwasilisha jioni. Nikazipita zote bila kusoma, na nilipozihitaji kesho yake sikujua ziko wapi.

Napenda wanavyofanya Linux Mint. Dirisha la karibu lina hatua za kwanza: kuweka nakala za mfumo ili ukiharibu urudi nyuma, kuangalia viendeshi (programu zinazowezesha vifaa kufanya kazi), kusasisha. Ni kazi halisi, kila moja na kitufe chake. Halitoweki hadi uliambie lisijionyeshe tena, na hata hapo unalikuta kwenye menyu. Inkscape, programu ya kuchora, nao tangu toleo la 1.1 la mwaka 2021 wanakuuliza mwanzoni unataka vitufe vya mkato vya aina gani, vikiwemo vinavyofanana na vya programu uliyotoka. Swali kama hilo linamtambua mgeni kwamba ametoka mahali na ana ujuzi wake.

Kurunzi

Ndugu zangu, asanteni. Ufunguo, lile neno lako "hujakosea kitu" nimelibeba kama lilivyo.

Jana nilirudi kwa mama mdogo. Sikuanza na kompyuta. Nilimwambia hakukosea kitu, nikamweleza habari ya umbizo, kwamba barua yake ilikuwa nzima tangu siku ile na ilikosa wa kuisoma tu. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kwa hiyo ile barua bado ipo?" Tukaifungua. Akasahihisha nukta mbili, akaihifadhi upya, akaituma mwenyewe, mimi nikiwa nimekaa nyuma yake kimya kama Msumari.

Leo asubuhi amenipigia simu. Anataka kujua namba za kurasa zinawekwaje, zisianzie kwenye jalada.