Tupeane uzoefu: mliohamia Ujerumani, njooni mjibu maswali ya wanaotaka kuja

Kifaurongo wa Leipzig (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Inboksi yangu kila wiki inajaa maswali yale yale. Nipe koneksheni. Viza bei gani? Huko kazi zipo? Mtu hajui hata kuhesabu mpaka kumi kwa Kijerumani, ila pikipiki ameshaiuza.

Nimeona tuyaweke yote hapa. Aliyepita njia yoyote, iwe chuo, Ausbildung, au pair, uuguzi au ndoa, aeleze alivyopita na kilichomla muda na pesa. Na wale wa "mnabeba maboksi" nanyi karibuni, ila mje na taarifa.

Naanza mimi. Nilikuja kwa Ausbildung ya uuguzi. Ni mafunzo ya kazi: siku nyingine uko darasani, nyingine uko wodini kwa mwajiri wako, na mshahara unaingia tangu mwezi wa kwanza. Uuguzi ni miaka 3. Hospitali za umma mwaka wa kwanza zinalipa zaidi ya euro 1,300 kabla ya makato. Ukishasikia hivyo usikimbilie kuzidisha kwa madafu. Toa bima ya afya, pensheni, chumba, nauli na chakula. Kinachobaki kinakuweka mjini, lakini si cha kujenga nyumba Kibaha.

Watu wanaulizia viza kama ndiyo mlima wenyewe. Ada ya viza ya muda mrefu ni euro 75, unalipa ubalozini pale Umoja House, basi. Atakayekuambia viza inauzwa milioni sita anakuuzia njaa yake. Muda wangu ulimezwa na mambo mawili, lugha na majina.

Lugha kwanza. Nilisoma Goethe-Institut pale Upanga. Ngazi za lugha zinaanzia A1, A2, halafu B1, B2 na kuendelea. Mtihani wa B1 na wa B2 una sehemu nne: kusoma, kusikiliza, kuandika na kuzungumza, na kila sehemu unatakiwa upate alama 60 kati ya 100. Uzuri wake, ukianguka moja unarudia hiyo hiyo peke yake. Kusikiliza ndiko kunakolaza wengi. Kwa Ausbildung ubalozi kwa kawaida unataka B1, lakini shule nyingi za uuguzi zinadai B2. Na hata ukiwa na B2 yako, siku ya kwanza mgonjwa wa miaka 90 akikuongelesha lahaja ya kwao utajiona hujasoma kitu.

Majina sasa. Cheti cha RITA kina majina mawili. Cha NECTA kina matatu. NIDA wakaandika la babu kwa "y" badala ya "i", na pasipoti ikafuata NIDA. Kwetu huyo ni mtu mmoja, mtaa mzima unamjua. Kwa afisa aliyekaa mezani na faili ni watu watatu. Nikaanza safari ya wakili, hati ya kiapo, dirisha hili, dirisha lile, rudi wiki ijayo. Kwa hiyo wewe unayesoma hapa, kabla hujalipa ada ya darasa, panga vyeti vyako vyote mezani uvisome herufi kwa herufi, pamoja na tarehe ya kuzaliwa.

Karibuni.

Binti Tukuyu

Asante kaka kwa uzi. Mimi nilipita kwa au pair. Masharti: uombe kabla hujatimiza miaka 27, uwe na A1, na upate familia itakayokukaribisha. Unaishi kwao, unasaidia watoto na kazi ndogo ndogo za nyumbani zisizozidi saa 30 kwa wiki, unapewa chumba chako, chakula na euro 280 kwa mwezi za mfukoni. Familia ndiyo inayolipa bima, na inachangia ada ya darasa la lugha.

Wasichana wengi wananiuliza kama si uhausigeli huo. Inategemea familia, tusidanganyane. Yangu ya kwanza mama alikuwa ananiachia watoto tangu asubuhi mpaka usiku, Jumapili nayo kazi. Nikatoa mkataba, nikamwonyesha kwa kidole pale palipoandikwa saa 30. Hakupenda. Nikahamia familia nyingine, ambayo mpaka leo tunatembeleana. Mkataba usomeni, uwekeni kwenye simu, na msiogope kuutaja. Kwetu tumefundishwa kumnyamazia mkubwa, huku ukinyamaza wanadhani umeridhika.

Faida kubwa ya njia hii ni lugha. Mtoto wa miaka mitano hakuonei haya, atakurekebisha mpaka uipatie. Mwaka ulipokwisha nilikuwa nimeshapata nafasi ya Ausbildung.

Mjukuu wa Likoni

Wenzetu wa Tanzania, hamjambo. Mimi ni Mkenya, niko Hamburg. Nataka kusema kuhusu yale makubaliano ya Kenya na Ujerumani, maana watu walifilisika kwa ajili yake.

Yalitiwa saini Berlin tarehe 13 Septemba 2024, Rais Ruto na Scholz, Kansela wa Ujerumani wa wakati huo, wakiwepo. Siku hiyo hiyo ikaenea kwamba Wakenya 250,000 watapewa kazi. Wizara ya mambo ya ndani ya Ujerumani ikakanusha, ikasema hakuna idadi yoyote iliyoandikwa mle. Lakini nani alisoma kanusho? Mashambani watu walikuwa wameshachanga. Binamu yangu alitozwa pesa za "kuhifadhiwa nafasi" na ofisi moja ya ghorofani, ina kapeti na bendera mbili mezani. Aliporudi kuuliza, kapeti lilikuwepo, wenyewe wamehama.

Makubaliano yale yanarahisisha njia kwa mwenye sifa, hayagawi kazi. Bado utatafuta lugha, cheti na mwajiri. Kenya angalia leseni ya wakala kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, Tanzania nasikia pa kuulizia ni TaESA, ofisi ya serikali ya huduma za ajira. Na kwa wauguzi kuna alama ya ubora ya serikali ya Ujerumani iitwayo Faire Anwerbung Pflege Deutschland: wakala mwenye alama hiyo gharama zake anamtoza mwajiri, hamtozi muuguzi. Akikuomba pesa, mwulize alama yake iko wapi.

Mzee wa Kahawa

Mnasifia kuosha wazee wa watu huku wazee wenu mmewaacha Singida. Endeleeni.

Kifaurongo wa Leipzig

Shikamoo mzee. Anayemwosha mzee wa hapa ndiye anayemlipia dawa mzee wa Singida. Ila hoja yako inauma na sitaikataa.

Nesi Msomali wa Tanga

Mimi nilikuja nikiwa tayari nesi, diploma ya miaka 3 na uzoefu wodini. Wenye diploma msidhani mnashuka kwenye ndege mnavaa joho. Cheti chako lazima kitambuliwe kwanza, wenyewe wanaita Anerkennung. Kila jimbo lina mamlaka yake, na faili lile lile jimbo moja linaweza kulichukua haraka kuliko jingine. Wanataka masomo yako kwa saa: saa ngapi upasuaji, saa ngapi watoto, saa ngapi wagonjwa wa akili. Chuo changu kilikuwa hakina karatasi ya namna hiyo. Ilibidi mwalimu wa taaluma akae na madaftari ya zamani aiandae, na Mungu ambariki, alifanya bila kuomba hata soda. Ongeza barua ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, na kila kitu kitafsiriwe na mtafsiri aliyeapishwa.

Jibu linalokuja mara nyingi ni kwamba umepungukiwa hapa na hapa. Halafu unachagua, ama mtihani wa maarifa, ama kipindi cha kujazia chini ya usimamizi. Mpaka umalize, unafanya kazi kama msaidizi na unalipwa kama msaidizi. Kipindi hicho ni kigumu moyoni. Nyumbani nilikuwa msimamizi wa zamu, huku kijana wa mwaka wa pili ananielekeza namna ya kutandika kitanda. Nilitandika. Ombeni chuo hiyo karatasi ya masaa kabla hamjaondoka, maana ukiwa huku simu za kwenda ofisini kwao hazipokelewi.

Boksi la Darmstadt

Upande wa chuo. Vyuo vingi vya umma havitozi ada, ila mnasahau akaunti iliyozuiwa, Sperrkonto. Unaweka euro 11,904 zote kabla ya viza, halafu ukifika wanakuachia 992 kila mwezi. Ni zaidi ya milioni 30 za kwetu. Ukoo mzima ulichanga, na shangazi mmoja mpaka leo anaamini pesa ile niliila. Waelezeni wanaochanga kwamba ni pesa ya kula na kulipia chumba kwa mwaka, hairudi. Kazi unaruhusiwa siku 140 nzima kwa mwaka, ghala na mgahawa ndiyo zetu. Naam, maboksi. Nimeyabeba na shahada nimepata.

Mama Wawili Bremen

Nyie wote mmeruka mambo ya wiki ya kwanza, na ndiyo yanayotesa. Ukishapata pa kukaa una wiki mbili za kujiandikisha manispaa, Anmeldung. Bila karatasi ile huendi popote, namba ya kodi inatokana nayo, na benki nyingi zinaidai. Na huipati bila barua ya mwenye nyumba. Sasa kuna watu wanapangishwa kitanda na ndugu zetu wenyewe bila barua, wanakaa miezi kama mizimu. Ulizeni barua kabla ya kulipa.

Pale kwenye fomu kuna sehemu ya dini. Ukiandika Mkatoliki au Mlutheri, ukianza kukatwa kodi ya mapato utakatwa na ya kanisa juu yake, asilimia 8 au 9 ya kodi hiyo kutegemea jimbo. Sisemi mkane dini. Nasema mjue, maana kuna mama alilia akidhani ameibiwa, kumbe ni sadaka inayokatwa ofisini. Halafu itakuja barua ya ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi kwa kila nyumba, uwe na televisheni usiwe nayo. Si matapeli, lipeni. Barua huku hazipuuzwi. Nunueni faili.

Kijana wa Ujiji

Wakuu, nauliza. Nikikaa huko nikichukua uraia wao, wa Tanzania unabaki?

Mama Wawili Bremen

Haubaki, mwanangu. Ujerumani tangu Juni 2024 inakuruhusu kushika wa kwao bila kukana wa kwenu, na muda wa kuishi kabla ya kuomba ulishuka kutoka miaka 8 hadi 5. Kizuizi kiko kwetu: sheria yetu ya uraia ya 1995 hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Hadhi maalum ya diaspora, ile ya wenye asili ya Tanzania walio raia wa nchi nyingine, si uraia. Na asiye raia hamiliki ardhi kama raia, kwa hiyo kama una kiwanja, liulizie hilo mapema kwa mwanasheria. Mimi nimebaki na kibali cha kudumu na pasipoti yangu ya Tanzania.

Mjukuu wa Likoni

Hapo sisi katiba ya 2010 ilitufungulia. Ninazo zote mbili.

Kijana wa Ujiji

Mna bahati. La mwisho: nina miaka 36 na cheti cha VETA cha umeme. Nimechelewa?

Kifaurongo wa Leipzig

Hujachelewa, mkuu, ila njia moja imeshafungwa. Viza ya kuja kutafuta nafasi ya Ausbildung ukiwa hukuhuku Ujerumani ni kwa walio chini ya miaka 35. Ukipata mkataba ukiwa bado Kigoma, umri haukuzuii, darasani kwetu kuna baba wa miaka 41. Mafundi umeme wanatafutwa sana. Anza A1 sasa hivi, na utuambie cheti cha VETA, cha kuzaliwa na NIDA vinasomekaje. Viandike hapa bila namba.

Kijana wa Ujiji

NIDA "Juma", VETA "Jumaa". Nacheka kwa uchungu. Kesho nakwenda.