Meli ya kitalii kutoka Galveston: tuliambiwa "kila kitu kimelipiwa", mama yangu kashindia ndizi na mayai

Wakuu, salaam.

Nimekaa wiki tatu nikisubiri hasira zipungue ndipo niandike. Hazijapungua. Jana wamejibu barua pepe yangu ya nne kwa mistari miwili, ndiyo maana nafungua uzi huu usiku huu huu. Kampuni siitaji jina kwa sababu bado nawadai na sitaki wapate kisingizio. Bandari ya Galveston, hapa Texas, Marekani, inatoa meli za kampuni kadhaa, kwa hiyo msihangaike kubahatisha, someni yaliyotukuta.

Tulikuwa watu sita. Mimi, baba watoto, mama yangu mzazi aliyekuja kututembelea hapa Houston kutoka Pangani, na watoto watatu: wa miaka 11, wa miaka 7 na kitinda mimba wa mwaka mmoja na nusu. Safari ya siku tano, likizo ya shule, kwenda Progreso na Cozumel kule Mexico na kurudi. Mama chombo kikubwa alichowahi kupanda ni boti ya Unguja. Nilitaka apumzike. Asipike, asioshe sahani, akae aangalie bahari huku anahudumiwa yeye. Hicho tu ndicho nilichokinunua, mengine yote yalikuwa ziada.

Naanza na chakula kwa sababu ndicho kinachoniuma.

Sisi ni Waislamu, nyama tunakula ya halali. Na sikwenda kichwa kichwa. Siku 40 kabla ya safari nilijaza fomu yao ya chakula maalumu, wakanijibu kwa maandishi kwamba ombi limepokelewa na nikipanda nionane na msimamizi wa ukumbi wa chakula. Barua hiyo ninayo. Usiku wa kwanza msimamizi akapitia orodha yake kwenye kishikwambi, akatikisa kichwa. Hatumo. Akasema kwa leo tule mboga za Kihindi, kesho mambo yatakuwa sawa. Tukala dengu na wali. Kesho yake, dengu na wali. Sina ugomvi na dengu, nyumbani tunapika. Lakini meza ya jirani wanaletewa kamba na mwanakondoo, na mtoto wangu wa miaka 7 ananiuliza kwa nini sisi tunaletewa kile kile.

Usiku wa tatu kuku akaja. Msimamizi mwenyewe alipita mezani, akatuambia kwa fahari kwamba huyu ni wa halali, wamemtoa kwenye stoo yao. Kidari kizima, kimemwagiwa juu mchuzi mweusi unaong'aa. Mama akasema bismillah, akakata kipande, akatia mdomoni. Mhudumu wetu alikuwa kijana wa Indonesia, Mwislamu, tangu siku ya kwanza tulikuwa tunasalimiana naye kwa salaam. Alikuwa anamwekea mtoto juisi. Alipoona ile sahani akainama kama anaokota kitambaa, akasema kwa sauti ya chini: "Samahani, mama. Nyama ni halali. Mchuzi una mvinyo."

Mama yangu ana miaka 68. Alichukua karatasi ya mkononi, akageuka pembeni ili watoto wasimwone, akatema. Akaikunja ile karatasi mara tatu, akaiweka chini ya ukingo wa sahani. Akasukutua kwa maji, akameza mate, akaweka mikono mapajani. Kisha akaniambia, "Mie nimeshiba, mwanangu. Waache watoto wale." Hakuwa amekula kitu chochote.

Nilimwita msimamizi. Jibu lake naliandika kama lilivyo: kuku ni wa halali kama mlivyoomba, mchuzi ni uamuzi wa mpishi. Sasa mtu aliyekaa kwenye kazi ya chakula cha abiria maelfu kila wiki hajui kwamba halali ni sahani nzima? Anajua. Hakujali.

Tangu hapo mama hakuingia tena ule ukumbi. Bufee ya juu nayo alikuwa ameiona kwa macho yake: bekoni na mayai ya kukaanga vinageuzwa kwenye bamba moja, koleo la soseji ndilo hilo hilo linaingia kwenye viazi. Siku zilizobaki alishindia mayai ya kuchemsha anayoyamenya mwenyewe, ndizi, mkate na tende tulizobeba kutoka nyumbani. Kwenye meli yenye mikahawa zaidi ya kumi.

Na msiniambie haiwezekani. Mwaka 2019 tulisafiri kutoka bandari hii hii ya Galveston na kampuni nyingine. Fomu ni ya aina ile ile. Tofauti ni kwamba kila usiku, tukimaliza kula, msimamizi alikuwa anatuletea menyu ya kesho. Tunachagua hapo hapo, yeye anaandika, jikoni wanapata siku nzima ya kuandaa sufuria yetu peke yake. Sambusa hatukupewa, lakini samaki wa kuchoma tulikula, kuku tulikula, na hakuna usiku hata mmoja niliolazimika kuuliza. Kazi yote hiyo ni mtu mmoja, kalamu moja, dakika tano. Hawa wa safari hii wana vishikwambi.

Nakuja kwenye pesa. Tangazo lilisema dola 389 kwa mtu na maneno makubwa "chakula na burudani vimo". Ukiingia ndani unakuta bei hiyo ni ya watu wawili wa kwanza kwenye kabini isiyo na dirisha. Sawa, hilo nililijua. Nisilolijua ni kwamba vitu tulivyopewa bure mwaka 2019 kwenye ile kampuni nyingine, hawa wanavitoza. Kuletewa chakula kabini, unalipia. Mlo mkuu wa nyongeza kwenye ukumbi ule ule ulioulipia, unalipia. Soda ya mtoto unalipia, na juu ya kila soda wanabandika asilimia 18 ya huduma bila kukuuliza. Bure ni maji, chai, kahawa ya kawaida na juisi ya limau ya unga.

Halafu bakshishi. Dola 17 kwa kila mtu kwa kila siku, inakatwa yenyewe kwenye akaunti. Kitinda mimba peke yake ndiye aliyesamehewa kwa sababu hajafika miaka miwili. Watu watano, siku tano, dola 425. Mtoto wa miaka 7 anayekula vipande viwili vya pizza anatozwa sawasawa na mwanamume mzima. Mama yangu, aliyekimbizwa ukumbini na mchuzi wa mvinyo, katozwa siku zote tano kwa huduma ya ukumbi.

Mtu ataniambia nenda kaunta uiondoe, inaruhusiwa. Nilifika hadi kaunta nikarudi. Nikiiondoa, atakayeumia ni yule kijana wa Indonesia, mtu pekee kwenye meli nzima aliyetutendea wema, tena kwa kuhatarisha kibarua chake. Nyingi ya meli hizi zimesajiliwa Bahamas au Panama, kwa hiyo sheria za mishahara za Marekani haziwafikii hawa wafanyakazi, na kampuni inajua kwamba wanategemea hiyo bakshishi. Wamewatanguliza vijana wa watu mbele kama ngao, ukitaka kumpiga bosi lazima uanze na wao. Hilo ndilo linalonikera kuliko hata zile dola. Kijana nilimpa chake mkononi siku ya mwisho, na baba watoto akamkumbatia.

Mabwawa. Kitinda mimba bado anavaa pampasi, na kanuni za afya za Marekani kwa meli haziruhusu mtoto wa pampasi kuingia bwawa la pamoja, hata kama ni pampasi ya kuogelea. Kanuni hiyo naikubali, ni ya kuzuia magonjwa. Lakini mwaka 2019 huyu wa miaka 7 alikuwa na mwaka mmoja, na ile meli ilikuwa na kijisehemu chake cha maji ya kurukaruka kwa watoto wa pampasi, chenye mfumo wake wa maji. Meli hii haina, na kwenye ukurasa wao wa "familia" wameweka picha ya mtoto mchanga amekaa majini anacheka! Siku mbili nzima tukiwa katikati ya bahari nilikuwa namwogesha kwenye sinki la kabini ili naye apate kuchezea maji. Viti vya pembeni mwa bwawa vimekaliwa na taulo tangu saa moja asubuhi, wenyewe hawaonekani mpaka saa tano, na hakuna mfanyakazi anayeziondoa ingawa bango la kuziondoa limebandikwa pale pale.

Kilabu cha watoto kilikuwa kizuri, wale wawili wakubwa walikipenda, walezi wapole. Nasema kwa haki.

Na Progreso ilikuwa nzuri. Pwani ile maji ni mafupi mno, ndiyo maana wamejenga gati la kilomita sita na nusu kwenda baharini ili meli kubwa ziweze kufunga, na basi zinakupeleka mjini bure. Mama alikaa dirishani njia nzima. Pale mjini tulipata samaki mzima wa kukaangwa, ndimu na pilipili pembeni, mafuta tuliuliza na mwenye mgahawa akatuonyesha dumu. Mama alikula yule samaki akamaliza, akafyonza na kichwa. Ulikuwa mlo wake wa kwanza wa maana tangu tumng'oe Houston, na haukutoka kwenye meli niliyoilipa.

Siku ya mwisho niliandika malalamiko kaunta. Wakanipa "fidia" ya dola 50 ya kutumia humo humo melini, inayokufa usiku ule ule. Dukani kwao dola 50 ni fulana moja. Nilikataa, na sasa kwenye barua zao wanaandika kwamba "suala lilishapatiwa ufumbuzi tukiwa safarini".

Baba watoto alisema twende mahakamani hapa Texas. Tukasoma masharti ya tiketi, yale ya maandishi madogo: kesi yoyote ifunguliwe Florida. Na hilo mahakama imelibariki zamani. Mwaka 1991 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwenye kesi ya akina Shute, mke na mume wa jimbo la Washington, mke aliteleza ndani ya meli akaumia, wakaishtaki kampuni, iliamua kwamba sharti lililochapwa kwenye tiketi linawafunga, waende Florida. Yule aliumia mwili na bado akashindwa. Mimi mwenye mchuzi wa mvinyo nitaanzia wapi?

Ninachodai kiko wazi, na nimewaandikia mara nne: warudishe bakshishi ya mama yangu siku tano, dola 85, kwa pesa zao na siyo kwa kumkata mhudumu, na wamwandikie barua ya kumwomba radhi yeye kwa jina lake. Mistari miwili ya jana inasema wanathamini maoni yangu.

Mama karudi Pangani. Juzi nilikuwa naongea naye kwenye simu, nikamsikia anamwambia shangazi pembeni kwamba bahari ilikuwa nzuri na wajukuu walifurahi. Chakula hakukitaja.

Sasa naomba wanajamvi mliosafiri na wazee wenu, iwe kutoka Galveston, Miami, Southampton au Dubai: meli gani mlipewa halali ya kweli, na nani alisimamia, ukumbi au jikoni? Mlikuwa mnaonyeshwa menyu ya kesho? Na aliyewahi kurudishiwa pesa mkononi, siyo salio la melini, aniambie alimwandikia nani na alitumia maneno gani. Kesho naandika barua ya tano, safari hii kwa posta, na nakala ya fomu yao ndani. Wakijibu nitaiweka hapa hapa.